Mapazia ya Mbao ya Harewood

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mwandishi wenu wa safari amewaasa Watanzania wanaokuja Uingereza wasipoteze nauli kwenda kwenye majumba ya mabwanyenye huko mashambani, eti ni viti vikuukuu na majani tu. Mimi naishi Leeds. Juzi nilimpeleka shemeji yangu Harewood, jumba moja la aina hiyo karibu na Leeds, kwa basi namba 36. Kutoka kituoni hadi jumbani ni mwendo, naye alikuwa amevaa viatu vya harusini. Alijuta.

Jumba lilijengwa kati ya 1759 na 1771. Ukifika kwenye ukumbi mrefu wa picha, inua macho juu ya madirisha. Yapo mapazia mazito, yamelegea na kujikunja kama hariri iliyotundikwa jana. Shemeji ni fundi cherehani. Alisogea kutafuta mshono mpaka mhudumu akakohoa. Hakuna mshono. Ni mbao zilizochongwa na kupakwa rangi, kazi ya karakana ya Thomas Chippendale, fundi samani maarufu wa Uingereza wa enzi hizo. Nje mambo ni yale yale: ziwa linalong'aa chini ya mteremko ni kijito kilichozibwa. Capability Brown, mbunifu wa bustani na mandhari, alilipwa kupanga maji, vilima na miti vionekane kama vimejiotea.

Sasa hela ya kuchongea mapazia ilitoka wapi? Hapo ndipo ninapogombana na makala yenu. Ukoo wa Lascelles, wenye jumba hilo, ulitajirikia sukari ya visiwa vya Karibi na biashara ya watumwa. Bunge lilipopitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni mwaka 1833, fidia ilitengwa, lakini kwa wamiliki. Bwana wa Harewood wa wakati ule alipata zaidi ya pauni 26,000 kwa kuwapoteza watumwa wake zaidi ya 1,200. Wale watu wenyewe hawakuambulia hata senti. Shemeji ni mtu wa Bagamoyo. Nilipomweleza hayo alinyamaza, na si kawaida yake.

Na jumba halifichi habari hizi. Mwaka 2023 lilizindua picha ya mwigizaji wa Uingereza David Harewood, iliyopigwa makusudi ili aingie miongoni mwa sura za ukoo zilizojaa kutani. Mababu zake walikuwa watumwa wa bwana yule yule aliyelipwa fidia, na jina la ukoo analotumia limetokana na hapo. Viti vikuukuu havikupi hadithi hiyo?

Mkienda, msitoke bila kushuka jikoni kwenye masufuria ya shaba, na mkiwa nje mtazame juu: mwewe wekundu waliorudishwa hapo mwaka 1999 bado wanazunguka. Mwandishi wenu akifika Leeds nitampeleka mwenyewe. Nauli juu yangu, viatu juu yake.

Msomaji wenu,
Leeds, Uingereza