Mzee wa bendi anataka kutyuni pani kwa nyundo ya gereji, tumwambieje?

Ndugu Mhariri,

Sisi ni bendi ya mtaa hapa Leicester, Uingereza. Tunapiga pani, zile ngoma za chuma za Trinidad zinazotengenezwa kwa mapipa ya mafuta ya lita 208. Wengi wetu wana asili ya Karibiani. Tuliotoka Mombasa, Dar na Bujumbura ni wachache. Karnivali ni mwanzoni mwa Agosti, na tenori (pani za sauti ya juu) mbili kati ya tano zimeharibika sauti.

Ubovu wenyewe uko hivi. Ukipima noti ya F ya chini kwa programu ya simu, inasoma sawa kabisa. Ukiigonga, inalia kama debe. Kila noti kwenye pani ni kivimbe kidogo, na fundi hukiweka kitoe sauti tatu kwa mpigo mmoja: noti yenyewe, oktavu yake (noti ileile kwa sauti ya juu zaidi), na noti ya tano juu ya oktavu hiyo. Hiyo simu yetu inashika ya kwanza tu. Oktavu ikishasogea, ule mlio wa kengele haupo tena hata kama kipimo kinakusifu.

Chanzo tunakijua, na hakuna wa kumsingizia. Juu ya lori la karnivali mtu hajisikii, basi anaacha kutumia kifundo cha mkono na kupiga kwa bega zima, kivimbe kinabonyea. Mipira ya vijiti nayo ilikuwa imechakaa hadi mbao inagusa chuma. Hiyo tumeshabadilisha yote, ni kazi ya jioni moja na haina gharama ya maana. Kibaya zaidi ni stoo. Pani zilikuwa zinapangwa moja juu ya nyingine bila hata kitambaa katikati.

Sasa mzee wetu, fundi wa bodi za magari tangu ujana wake na ndiye mshika funguo za stoo, anasema tusimlipe mtu wa kutyuni, yaani kurekebisha sauti kwa nyundo. Yeye anazo nyundo. Hoja yake si ya kijinga: vijana waliotengeneza pani Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, miaka ya 1940 hawakusomea popote, walijifunza kwa kugonga. Ni kweli, ila walijifunza kwa mapipa yaliyotupwa, tena kwa miaka. Hata Ellie Mannette, mmoja wa hao vijana, alikuwa bado anaifundisha kazi hiyo uzeeni katika chuo kikuu cha West Virginia University, Marekani. Kunyoosha mlango wa gari ni kurudisha umbo linaloonekana kwa macho. Kwenye tenori, noti zimepangwa kwa duara la tano-tano, yaani kila noti iko kando ya ile ya tano kutoka kwake: F imekaa katikati ya C na B-flati, na oktavu yake iko upande wa ndani. Nyundo moja kwa F inaweza kuzisogeza zote hizo. Ukigonga kupita kiasi chuma kinalegea, na hapo hata fundi halisi atakwambia nunua nyingine.

Upande wa hela, tulizonazo zinatosha kumlipa fundi wa kutyuni siku moja. Hawezi kumaliza tenori, sekondi, gitaa na besi zote (hayo ni majina ya aina za pani) kwa siku hiyo. Wengine wanataka aje baada ya karnivali, maana jua na lori vitaziharibu tena. Sisi tunaona atengeneze zile tenori mbili kabla, kwa sababu ndizo zinazobeba wimbo, na nyingine zisubiri baridi. Besi ikisogea kidogo juu ya lori, watu wanacheza tu.

Maswali yetu kwa waliowahi kuendesha bendi ya aina hii ni mawili. Je, mnatyuni kabla au baada ya msimu, mnapokuwa na hela ya siku moja tu? Na huyu mzee tumkatalieje bila kumvunjia heshima? Tumefikiria kumwomba achomelee stendi za magurudumu na rafu za stoo ili pani zisilaliane tena, kazi ambayo kweli tunaihitaji na hakuna wa kuiweza kama yeye. Tunachohofia ni aione kama pipi ya kumnyamazishia, halafu siku moja tukute nyundo imeshapita.

Wapiga pani,
Leicester