Jua la Kasumbalesa lizuiwe kabla halijapita kioo

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la wiki iliyopita msomaji mmoja aliwashauri madereva wa makamyo wafunge pazia nene nyuma ya kioo cha mbele, ili wapate kupumzika mchana wanapongoja zamu yao Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. Namshukuru kwa kuwakumbuka, kwa kuwa wengi wetu mjini Lubumbashi huyaona makamyo hayo kama kero ya barabara tu, tukasahau kwamba ndani ya kila moja yumo mtu anayekula na kulala humo kwa siku kadhaa. Hata hivyo ushauri wake una kasoro moja kubwa, nami, ambaye kazi yangu ni kushona maturubai na viti vya magari hapa Katuba, sioni vema kuinyamazia. Pazia likiwekwa ndani, joto limekwisha kuingia.

Mwanga wa jua hupenya kioo bila shida. Ukifika ndani hukutana na dashibodi, usukani, viti na hilo pazia lenyewe, na vitu hivyo huunyonya na kupata moto. Kisha navyo hutoa joto lao, lakini joto la namna hiyo halipiti kwenye kioo kama mwanga ulivyopita, na hewa iliyopashwa moto haina pa kutokea. Ndiyo maana pazia jeusi, au la buluu iliyoiva, linalowapendeza madereva kwa sababu linaleta giza, huwa kama jiko lililowashwa kati ya kioo na kitanda. Macho ya aliyelala yanapata kivuli, lakini mwili wake unaendelea kuokwa.

Wapo wanaosema kwamba kioo cha mbele ni kizito, kina tabaka mbili na utando wa plastiki katikati, kwa hiyo kinatosha kulizuia jua. Ni kweli kwamba utando huo huzuia karibu miale yote ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi, lakini sehemu kubwa ya joto hupita. Jua kali, linapoupiga uso wa kitu sawasawa, huleta yapata wati 1,000 kwa kila mita mraba, na kioo cha kamyo kubwa kinakaribia mita mraba mbili. Hata ukipunguza kile kinachorudishwa na kioo, na kile kinachopotea kwa kuwa jua hukijia kioo kwa mshazari, bado kinachobaki ndani ni kama resho, yaani jiko la umeme, iliyoachwa inawaka miguuni pa dereva. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha vipimo vya gari lililoegeshwa juani: ndani ya saa moja joto lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 hivi juu ya lile la nje, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ikitokea katika nusu saa ya kwanza, na kuacha madirisha wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana.

Niliyaona hayo kwa macho yangu mwezi wa Oktoba mwaka jana, nilipompelekea kaka yangu chakula katika foleni ya kuingia Zambia. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Juu ya dashibodi palikuwa na mshumaa waliokuwa wakiutumia usiku, nao ulikuwa umejipinda ukalala juu ya karatasi za forodha kama funza, bila mtu kuuwasha. Usukani ulifungwa kitenge kwa sababu haukushikika. Nyuma, kitandani, alikuwa amelala msaidizi wake, kijana wa miaka kumi na tisa, pazia la buluu likiwa limefungwa vizuri mbele yake kama inavyoshauriwa. Tulipomwamsha alijibu maneno yasiyoeleweka, akatapika, na ngozi yake ilikuwa ya moto kuliko ya mtoto mwenye malaria. Tulimshusha chini ya kamyo, mahali pekee palipokuwa na kivuli, tukammwagia maji na kumpepea kwa kifuniko cha boksi hadi alipopata nguvu ya kusindikizwa kwenye zahanati. Alipona. Mwenye kamyo, alipoarifiwa kwa simu, alijibu kwamba joto la Oktoba lilikuwapo hata kabla ya makamyo, na kwamba dereva mzoefu huvumilia. Jibu hilo limenikaa moyoni mwaka mzima.

Miezi michache baadaye ilinijia kazi ambayo sikuwa nimewahi kuipata. Wasafiri wawili kutoka Ulaya, mume na mke wazee, walikuwa wameegesha gari-nyumba lao katika ua wa misheni, wakatafuta fundi wa kurekebisha kifuniko kilichopasuka. Gari la namna hiyo lina kioo cha mbele kipana kama cha basi, na hakuna ukuta kati ya kioo hicho na meza, jiko na kitanda, kwa hiyo jua likiingia mbele linaipasha moto nyumba nzima. Walikuwa na vifuniko viwili. Kimoja ni cha rangi ya fedha, cha kuweka ndani, kikiusukuma uso wake unaong'aa kwenye kioo. Hicho hurudisha sehemu ya mwanga nje kabla haujageuka kuwa joto, na kwa hiyo kinalishinda pazia lolote. Cha pili kilikuwa cha nje, nacho ndicho walichokililia kilipopasuka. Kilikuwa wavu mzito mweusi, wenye matundu madogo kama ya chandarua kilichofumwa kwa kukazwa. Nilistaajabu kuona rangi nyeusi juani, hadi mama yule aliponishika mkono akauweka kwanza juu ya wavu, kisha juu ya kioo chini yake. Wavu ulikuwa wa moto, kioo kilikuwa vuguvugu. Joto lililonaswa na wavu linachukuliwa na upepo ukiwa bado nje, na aliye ndani anaendelea kuona barabara kupitia matundu, ingawa aliye nje hamwoni.

Kwa mtu aliye katika foleni, jambo hilo la kuona nje lina uzito wake. Kamyo la Kasumbalesa halikai mahali pamoja siku nzima. Linasogea hatua chache, linasimama, linasogea tena, na dereva aliyejifungia gizani hupitwa na wenzake. Kwa sababu hiyo kifuniko ninachokishona sasa, cha kufungwa nje, kina sehemu mbili: turubai la rangi ya fedha kwa kusimama kwa saa nyingi, na wavu kwa foleni inayotembea. Vyote viwili huvuliwa kabisa kabla injini haijawashwa kwa safari, maana kioo cha mbele hakiwezi kubaki na kitu cha kumpunguzia dereva macho yake. Kwa sababu hiyo hiyo siwaungi mkono wanaobandika karatasi nyeusi za plastiki kwenye kioo chenyewe. Usiku zinamficha mwendesha baiskeli, na tena zinakipasha moto kioo, hata ufa mdogo uliosababishwa na kokoto unaanza kutambaa.

Wasiokuwa na fedha ya turubai nawaambia watumie mifuko myeupe ya unga, ipasuliwe na kushonwa tabaka mbili. Rangi nyeupe hurudisha jua vizuri. Kasoro yake ni kwamba baada ya msimu mmoja nyuzi hupukutika zenyewe, kwa kuwa jua huzila. Turubai la fedha nalo lipanguswe vumbi mara kwa mara, kwani likiwa jekundu kwa vumbi la barabara haling'ai tena, na kazi yake ni kung'aa.

Wakati wa kulifunga una maana vilevile. Barabara ya kwenda Kasumbalesa inaelekea kusini-mashariki kwa sehemu kubwa, kwa hiyo makamyo yanayotoka huoneshwa jua uso kwa uso tangu saa moja asubuhi, na yale yanayorudi hupigwa alasiri. Anayengoja mpaka aone jasho ndipo afunike amechelewa, kwa maana chuma na viti vimekwisha kushiba joto na vitalitoa polepole hadi jioni. Mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya vichwa vyetu. Saa hiyo kioo kilichosimama wima hakipati jua jingi, linalopigwa ni paa, nalo linahitaji turubai lake lililoinuliwa kiasi cha kiganja ili upepo upite chini. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya usiku inapotushika, kifuniko hicho hicho cha mbele huzuia kioo kisitokwe na umande unaomdondokea aliyelala.

Ninaloliomba kwa wenye makamyo ni dogo. Wanapomhesabia dereva posho ya njia, mafuta na malipo ya barabara, waweke pia kifuniko hicho, ambacho kwangu hakifiki bei ya gurudumu moja lililokwisha kutumika. Dereva asiyepata usingizi mchana ndiye anayeshika usukani usiku akiwa na tani 30 za shaba nyuma yake, na anayewasha injini saa nzima ili apate hewa baridi anachoma mafuta ya mwenye kamyo. Wakati wa kiangazi kikali ujao hauko mbali, na turubai linashonwa kwa siku moja.

Anayetaka kumshonea mumewe, kaka yake au mwanawe apime upana wa kioo pamoja na nguzo zake za pembeni, kisha aongeze mikono miwili kila upande, ili kitambaa kizunguke hadi kwenye vioo vya milango na masikio yake yabanwe milango inapofungwa. Hapo hakipeperushwi na upepo wa kabla ya mvua, wala mwizi hawezi kukichomoa. Ukingo wa chini uachiwe nafasi ya mikono ya waipa, na kamba zake zikatwe kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, kwa sababu kamba ya nailoni hulegea. Kielelezo cha karatasi ninacho mezani pangu, na fundi yeyote wa Katuba, wa mtaa wa Kenya hapa hapa Lubumbashi, au wa Kasumbalesa kwenyewe aje akinakili bila malipo.

Wenu katika kazi,
Mama mshonaji wa maturubai,
Katuba, Lubumbashi