Kikao cha viza ya walimu: Jumamosi

Assalamu alaikum, walimu wenzangu.

Kikao chetu kuhusu viza ya J-1, ya walimu wa kubadilishana nchini Marekani, kitafanyika Jumamosi saa nne asubuhi ndani ya Ngome ya Lamu, wala si uwanjani Mkunguni kama tulivyopanga.

Kila mmoja aje na nakala ya shahada pamoja na barua ya mkuu wa shule inayothibitisha angalau miaka 2 ya kufundisha muda wote, kwani bila hivyo viwili mdhamini (shirika la Marekani linalosimamia mpango) hatoi fomu ya DS-2019, yaani hati ya kuonyesha unastahiki kuomba viza hii, na pasipo fomu hiyo hakuna mahojiano ubalozini. Kiingereza nacho hupimwa. Muda wa kwanza wa kufundisha huko hauzidi miaka 3. Anayetaka kuhamia huko kwa kudumu, hii siyo njia yake.

Mchango wa nakala ni shilingi 100.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi usiku.