Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu, ndugu wanachama, habari za siku nyingi.

Mwaka jana mlinikabidhi darasa la historia ya huku tunakoishi, Bremen na Oldenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Habari za fedha atazieleza mweka hazina, deni hatuna. Mimi naomba nimzungumzie Carl Röver, mkubwa wa chama cha Hitler huku, maana ndiye aliyetuchukulia jioni nyingi kuliko mtu mwingine yeyote.

Alizaliwa mwaka 1889 Lemwerder, kando ya mto Weser, akasomea biashara. Kati ya 1911 na 1913 alikuwa mwajiriwa wa biashara Kamerun, wakati huo koloni la Mjerumani. Hapo tulibishana sana. Wako waliosema mtu aliyeishi na Waafrika angepaswa kuwajua. Mimi nashikilia kwamba biashara ya koloni ilimfunza nani wa kuamuru na nani wa kubeba, na funzo hilo akarudi nalo kwao.

Mwaka 1928 chama cha Hitler kilimfanya Gauleiter, yaani mkuu wa chama, wa eneo la Weser-Ems, lenye Oldenburg na Bremen ndani yake. Mei 1932 chama kikapata viti 24 kati ya 46 vya bunge la Oldenburg, na Juni Röver akawa waziri mkuu wa jimbo hilo. Septemba hiyo hiyo mchungaji Robert Kwami, wa kanisa la Waewe huko Afrika Magharibi, alialikwa kuhubiri katika kanisa la Lamberti mjini Oldenburg. Serikali ikataka azuiwe. Röver akamtukana hadharani kwa sababu ya rangi yake. Viongozi wa kanisa wakakataa. Tarehe 20 Kwami akahubiri, tena kwa Kijerumani fasaha, na kanisa likafurika.

Tulikwenda pale pamoja. Ndani kanisa ni la mviringo, limezungukwa na nguzo. Mama mmoja wetu alisimama katikati, kanga mabegani, akataja jina la Kwami kwa sauti ya kawaida tu. Sote tukanyamaza. Kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa tuliyoifanya mwaka huu.

Mengine kwa ufupi. Mei 1933 Röver alifanywa gavana wa Reich, yaani wa dola ya Ujerumani, kwa Oldenburg na Bremen. Mwaka 1936 serikali yake iliagiza misalaba iondolewe shuleni. Wakatoliki wa kusini mwa Oldenburg wakaja juu, na Novemba, mbele ya maelfu ya watu Cloppenburg, ikambidi alifute agizo lile kwa kinywa chake. Lakini Novemba 1941 Wayahudi wa Bremen walipopakiwa kwenye treni kupelekwa Minsk, Belarusi, hakukuwa na umati kama ule wa kuwatetea; treni iliondoka. Yeye alifariki Mei 1942.

Mwakani napendekeza tumsome tembo wa matofali wa Bremen, mnara wa makoloni uliozinduliwa Julai 1932 na kugeuzwa mwaka 1990 kuwa mnara wa kupinga ukoloni. Kwenye uzinduzi ule alikuwepo Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani aliyepigana vita kwetu Tanganyika. Mwenye picha au barua za babu zake waliobebeshwa mizigo katika vita vile, tafadhali aje nazo.

Mwenyekiti