Risala ya Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii wa Jiji la Tanga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mjadala wa Madaktari kuhusu UVIKO-19

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa madaktari bingwa, watafiti na wauguzi,
Waheshimiwa madiwani na wenyeviti wa mitaa,
Mashehe na wachungaji wetu,
Mabibi na mabwana,

Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Kazi iendelee!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu Tanga. Tunaosimama mbele yako ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii kutoka Ngamiani, Makorora, Mabawa, Duga, Chumbageni, Pongwe na Tongoni. Kazi yetu ni kupita nyumba kwa nyumba na daftari mkononi. Tunamuulizia mama mjamzito aliyekosa kliniki, mtoto ambaye kadi yake ya chanjo haijajaa, na mgonjwa wa kifua kikuu aliyeacha dawa katikati. Hatuna koti jeupe. Tulicho nacho ni kwamba watu wanatujua, na tukibisha hodi tunakaribishwa.

Kwa siku mbili tumekaa nyuma ya ukumbi huu tukiwasikiliza wataalamu wakijadili korona, chanjo zake, tiba zake, na namna jamii inavyoweza kujilinda. Tumejifunza mengi na tunawashukuru kwa dhati. Lakini kadiri tulivyojifunza ndivyo moyo ulivyozidi kuwa mzito, kwa sababu haya mliyosemezana humu ndani tuliyahitaji vibarazani kwa watu mwaka 2020 na 2021, na hatukuwa nayo. Hilo ndilo neno letu leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu turudi nyuma kidogo. Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza nchini, kule Arusha. Siku iliyofuata shule zikaagizwa kufungwa. Haukupita muda, ndoo za maji tiririka na sabuni zikawa kwenye milango ya maduka, misikiti na makanisa, na mafundi cherehani wa Ngamiani wakawa wanashona barakoa za vitenge usiku na mchana. Huko mpakani Horohoro madereva wa malori walikuwa wakisubiri kupimwa, na kila lori lililoingia mjini lilizua maneno. Watu waliogopa, lakini walikuwa wanasikiliza. Ukigonga mlango unaulizwa: leo wamefika wangapi?

Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ya nchi ilikuwa wagonjwa 509, kisha takwimu zikasimama kutolewa. Tunalisema hili kwa heshima kubwa, bila kumnyooshea mtu kidole. Sisi tuliobaki mitaani tuliulizwa swali lile lile kila siku, na hatukuwa na jibu. Pale penye kimya cha mtaalamu, jirani ndiye aliyejaza. Simu zikajaza. Mtu aliyepokea ujumbe wa sauti kutoka kwa asiyemjua akawa na maneno mengi kuliko mhudumu aliyepewa mafunzo. Wazee wetu wa Pwani husema mficha maradhi kifo humuumbua, na tuliyashuhudia hayo kwa macho yetu.

Kuna mzee mmoja wa Makorora, fundi cherehani, mtu wa watu. Alianza kukohoa. Familia ikamfukiza nyungu kwa majani ya mkaratusi, mchaichai na maganda ya limau, asubuhi na jioni, kwa siku nne. Siku zote hizo alikuwa anazungumza, anakunywa chai yake ya tangawizi, anasema anaendelea vizuri. Siku ya nne binti yake akaona kucha za baba yake zimebadilika rangi, akamfuata mwenzetu mmoja tuliye naye humu ukumbini. Mwenzetu hakuwa na kifaa chochote isipokuwa macho yake. Walimpeleka mzee kwenye kituo kimoja, ambacho hatukitaji kwa kuwa wahudumu wake walijitahidi kwa walichokuwa nacho. Mtungi wa oksijeni ulikuwa kwa mgonjwa mwingine. Wakasubiri. Kabla ya adhana ya alfajiri mzee alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Jana mchana, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, daktari wa magonjwa ya mapafu alitueleza kwamba korona ina tabia ya kushusha oksijeni kwenye damu huku mgonjwa mwenyewe bado anazungumza na hajioni kama ana shida ya kupumua. Akaonyesha kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Akasema mtu mzima mwenye afya husoma asilimia 95 na kuendelea, na chini ya 90 ni hatari, mgonjwa asikae nyumbani hata saa moja. Aliposema hivyo mwenzetu yule aliinuka akatoka nje. Tulimfuata. Alikuwa analia chini ya mwembe, anasema: "Laiti ningalijua hili siku ya kwanza."

Tusieleweke vibaya kuhusu nyungu. Mama zetu walitulea kwa nyungu na hatuwezi kusimama hapa kuidharau. Mvuke hufungua pua iliyoziba na humpa mgonjwa faraja, naye akijiona anahudumiwa anapata nguvu ya moyo. Ila mvuke haupandishi oksijeni kwenye damu, na sufuria la maji ya moto limewaunguza watoto. Tungaliweza kusema hivyo kwa maneno mepesi na familia zingalitusikia, kwa sababu tusingaliwatukana. Kilichotushinda ni kwamba kila tuliyemuuliza alitupa moja kati ya mawili: ama nyungu inaponya, ama nyungu ni ushamba. Hakuna aliyetuambia inafanya nini na inaishia wapi.

Kwenye dawa ndiko tulikopata faida kubwa kuliko kote katika mjadala huu. Tulikuwa hatujui kwamba Juni 2020 watafiti wa Oxford, Uingereza, walitangaza matokeo ya dawa ambayo imekuwepo madukani kwetu miaka mingi na bei yake ni ndogo, deksamethasoni. Kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia ilipunguza vifo kwa theluthi moja, na kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine ikapunguza kwa moja ya tano. Kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni haikuonyesha faida, na huenda ikamdhuru, kwa kuwa inatuliza askari wa mwili wakati bado wanahitajika vitani. Huku mitaani kuna waliokuwa wakiimeza kwa kujikinga, kidonge kila asubuhi! Tumesikia pia kwamba haidroksiklorokwini, azithromaisini na ivermektini zilijaribiwa kwa wagonjwa wengi na hazikuleta nafuu iliyotarajiwa. Watu walitumia fedha za kula kununua dawa hizo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuje kwenye chanjo, maana hapa ndipo jasho letu lilipomwagika zaidi.

Tarehe 24 Julai 2021 dozi zaidi ya milioni moja za chanjo ya Janssen ziliwasili nchini kupitia Covax, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, na tarehe 28 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Tunampongeza. Siku ile watu walianza tena kutuuliza. Swali la kwanza lilikuwa: mbona ukimwi umetimiza miaka arobaini bila chanjo, na hii imepatikana kwa mwaka mmoja? Swali zuri, la mtu anayefikiri. Tulikuwa tunajibu "aminini wataalamu", na jibu hilo halimtoshi mtu mzima mwenye akili zake.

Jana tumepewa jibu lenyewe. Wanasayansi hawakuanza mwaka 2020. Walikwishavifanyia kazi virusi vya jamii hii tangu ugonjwa wa SARS wa 2003 na MERS wa 2012. Ramani ya vinasaba vya kirusi kipya ilitolewa hadharani kutoka China Januari 2020, kila maabara ikaipata. Watafiti Katalin Karikó na Drew Weissman, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023, walikuwa wamehangaika miaka mingi na ule utaalamu wa kuuandikia mwili maelekezo. Hatua za majaribio hazikurukwa, ila nyingine zilikwenda sambamba badala ya kupangwa foleni, na viwanda vilianza kuzalisha kabla ya majibu kutoka kwa kuwa serikali zilibeba hasara. Nacho kirusi cha ukimwi hujigeuza upesi mno na kujificha ndani ya chembe zenyewe za kinga, kwa hiyo ni kazi ya namna nyingine kabisa. Haya yanaelezeka kibarazani kwa dakika kumi.

Waliotuambia kuwa Waafrika hawakushirikishwa, tungaliwajibu kwamba majaribio ya Janssen yalihusisha watu zaidi ya 40,000, wakiwemo wa Afrika Kusini. Waliouliza kama sindano inabadili maumbile, tungaliwaambia kwamba ile chanjo ya Pfizer, iliyotumia utaalamu wa Karikó na Weissman, ni kama barua: mwili unaisoma, unafanya ulichoagizwa, kisha unaichana, na barua yenyewe haifiki kwenye kiini cha seli kunakotunzwa vinasaba. Na waliouliza madhara tungaliwaambia ukweli, kwamba Janssen ilihusishwa na damu kuganda kwa watu wachache sana, kiasi kwamba Marekani waliisimamisha kwa muda Aprili 2021 ili wachunguze. Tuliogopa kulitaja hilo tukidhani tutawatisha watu. Walilisikia kwingine, wakajua tumewaficha.

Liko jeraha moja ambalo mpaka leo halijapona. Sisi tulizunguka tukisema chanjo inazuia korona. Hivyo ndivyo tulivyoelekezwa, na ndivyo tulivyoamini. Kisha mwishoni mwa 2021 ikaja aina mpya ya kirusi cha korona, Omicron, na waliochanjwa wakaugua mafua, homa na viungo kuuma. Bibi mmoja wa Mabawa alimwita mwenzetu akamwambia taratibu, bila hasira: "Mwanangu, ulinidanganya." Bibi yule alikuwa na zaidi ya miaka sabini, ana kisukari, na aliugua siku tatu tu akainuka. Chanjo ilifanya kazi yake kubwa, ya kuuzuia ugonjwa usimpeleke kitandani wala kaburini. Lakini sisi tulimwahidi kitu kingine. Mwaka uliofuata, timu zilipopita nyumba kwa nyumba na matone ya polio baada ya ugonjwa huo kugundulika Malawi, bibi alifunga mlango, na wajukuu wake wakabaki ndani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba wataalamu walitafakari hilo la mlango wa Mabawa. Neno moja lililotiwa chumvi kuhusu korona limetugharimu polio, na linaweza kutugharimu surua, na chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa binti zetu.

Wala watu wetu si wagumu wa chanjo. Wazazi wa Korogwe, hapa hapa mkoani kwetu, na wenzao wa Bagamoyo, waliwatoa watoto wao kushiriki utafiti mkubwa wa chanjo ya malaria ya RTS,S, uliofanyika katika nchi saba za Afrika. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto, ikawa chanjo ya kwanza ya malaria kufikia hatua hiyo. Katika kipindi kile kile ambacho tulikuwa tunaambiwa Waswahili hawataki sindano, dunia ilikuwa inapokea chanjo iliyopita kwenye mikono ya watoto wa Korogwe! Mama zao walikubali kwa sababu waliketi na watafiti, wakaelezwa, wakauliza, wakarudiwa tena na tena. Siri yote ni hiyo.

Tena yupo Ali Maow Maalin, kijana mpishi wa hospitali ya Merka, kwenye pwani ya Somalia. Mwaka 1977 aliikwepa chanjo ya ndui akiogopa maumivu, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alipona. Ukubwani akawa anazunguka kwenye kampeni za polio akiwasimulia wazazi kosa lake, mpaka alipofariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa bado kwenye kazi hiyo. Kisa chake tumekipata kwenye mjadala huu, na tumekwishakubaliana kuanza nacho kila tutakapoingia nyumba yenye wasiwasi.

Yapo tunayoyaomba. Kila mtaa upate walau kile kifaa kimoja cha kupimia oksijeni na mtu aliyefundishwa kukitumia. Likitokea janga jingine, tupewe hesabu na maelezo mapema, kwa Kiswahili wanachozungumza watu, na pale ambapo mtaalamu hajajua bado, atuambie kuwa hajajua, nasi tutawaambia watu hivyo hivyo. Posho zetu pia zimekuwa zikichelewa. Tumelitaja na tunaliacha mikononi mwako.

Zaidi ya hayo, tunawaomba madaktari hawa wasituache. Mji wetu unaitwa Waja Leo Waondoka Leo, na wageni hulipenda jina hilo. Safari hii tunaomba wanaokuja wakae kidogo, hata alasiri moja kwa mwezi, kwenye kibaraza cha Ngamiani au chini ya mti kule Tongoni, watu wawaulize ana kwa ana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na risala hii tunakukabidhi daftari. Tumeandika ndani yake maswali tuliyoulizwa majumbani tangu Machi 2020 ambayo tulishindwa kuyajibu, kwa maneno ya waulizaji wenyewe. Tumeandika kurasa za upande wa kushoto tu. Za kulia tumewaachia wataalamu.

Naomba kuwasilisha.