Katibu mahsusi si chambo cha bosi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mwezi uliopita nilipanda basi hapa Dodoma kwenda msibani Singida. Tulipopita Bahi, kondakta akaweka filamu ya Kibongo. Dakika kumi hazijaisha, katibu mahsusi kaingia kwa bosi, sketi imembana, faili kifuani, anatafuna bigijii. Tunafika Manyoni, keshapangishiwa nyumba na mke wa bosi yuko mlangoni na mwiko. Basi zima lilicheka. Kijana niliyekaa naye akaniuliza, "Mama, wewe unafanya kazi gani?" Nikamwambia ni katibu mahsusi, mwaka wa ishirini na sita huu. Akageukia dirishani.

Sina ugomvi na mapenzi ya ofisini. Mume wangu nilimpata kazini, alikuwa masijala. Siku moja utepe wa taipureta yangu ulikwama, akaja kunisaidia, akaondoka vidole vyeusi tii. Kesho yake nikakuta zabibu juu ya mashine, zimefungwa kwenye gazeti. Ulikuwa mwezi wa tatu, zabibu zimekolea. Tulipokubaliana kuoana, kabla hata posa haijafika kwetu, tulimweleza mkuu wetu wa kazi, nami nikahamishiwa idara nyingine. Sijaona filamu yetu hata moja yenye wapenzi wanaofanya hivyo. Wala sijaona katibu mahsusi anayeandaa kikao, anayetunza siri za jalada, anayebaki hadi usiku kwa sababu hotuba imebadilishwa mara ya nne.

Kinachoniuma zaidi ni jambo jingine. Kabla ya ofisi hiyo nilianza kazi mahali pengine, na barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikaa mezani kwa mkubwa wangu miezi saba. Nilikuwa naiona kila asubuhi nikimpelekea chai, kaiwekea jiwe juu isipeperuke. Nikiulizia, jibu lake lilikuwa tukaongelee kwenye chakula cha jioni. Sikwenda. Kwenye filamu zetu mtu kama yule ndiye mpenzi mkuu, muziki laini unapigwa, na msichana akikubali anapewa cheo, watazamaji wanapiga makofi. Ile ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeikataza katika kifungu cha 25. Wakati wangu sheria hiyo ilikuwa haijatungwa, lakini hawa wanaotunga hadithi leo wanayo.

Binti yangu alinionyesha filamu ya Marekani ya mwaka 1960, The Apartment, ya mwongozaji Billy Wilder. Karani wa kampuni ya bima anawaazima wakubwa wake ufunguo wa nyumba yake wapeleke wanawake, naye apandishwe cheo. Mmoja wa wanawake hao ni binti anayeendesha lifti, anayempenda mkurugenzi mwenye mke. Mkesha wa Krismasi mkurugenzi anampa noti ya dola 100, akajinunulie zawadi mwenyewe. Ile noti! Binti anaiangalia, na wewe unayetazama unajua amehesabiwa kuwa nini. Baadaye anameza vidonge vya usingizi. Filamu ile inachekesha, ina mapenzi, na ilipata Oscar ya filamu bora, lakini haikumpamba yule mkurugenzi hata kidogo.

Na hadithi hazijatuishia hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016, watumishi wangapi wameacha wenzi wao Dar es Salaam? Nenda stesheni ya treni ya mwendokasi Ijumaa jioni uwaone na mifuko ya karanga, wanawahi kuona watoto. Wengine wana maombi ya uhamisho wa kumfuata mwenza, wanasubiri majibu. Katikati ya juma mtu yuko peke yake kwenye chumba cha kupanga mitaa ya Kisasa au Ilazo, anapika ugali wa mtu mmoja, na mtu pekee anayemuuliza kama amekula ni mwenzake wa meza ya pili. Hayo ndiyo mapenzi ya kazini ninayoyaona kila siku, yana huruma na yana hatari, na wapo watu wema wanaopambana nayo kimya kimya. Mbona hayaigizwi?

Nawaomba waandishi wa miswada, wakija Mji wa Serikali Mtumba wasiishie kutazama kiti cha mkurugenzi. Wakae kwenye benchi la wageni nje ya mlango wangu kuanzia saa moja na nusu asubuhi, waone nani anaingia, nani anatoka, na barua ya nani bado iko mezani.

Katibu mahsusi,
Kisasa, Dodoma