Toleo jipya la fremuweki liko tayari kwa nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo moja, lini mfumo wa ofisi upandishwe kwenda toleo jipya la fremuweki yake, ambalo sisi mafundi wa mifumo tunabishana nalo kila mwaka, na kwa maoni yangu linawahusu zaidi wanaotulipa kuliko sisi wenyewe. Siku hizi saccos ina mfumo, shule ina mfumo, zahanati ina mfumo, na mingi ninayokutana nayo huku Mwanza imejengwa kwa Laravel, ile fremuweki ya lugha ya programu ya PHP, yaani mifupa unayoikuta tayari, logini ipo, kuongea na databesi kupo, kutuma barua pepe kupo, wewe unajazia nyama. Sasa hiyo mifupa inatoka toleo jipya mara moja kwa mwaka, na likitoka tu ofisini ni ugomvi ule ule, vijana wanataka tupandishe wiki hiyo hiyo, bosi anasema mfumo si unafanya kazi, uacheni. Mimi naona wote wanagombania tarehe wakati jibu liko kwenye hesabu za mteja.

Tuanze na vijana. Mwongozo rasmi wa kupanda toleo la 12, lililotoka Februari 2025, unakadiria kazi ni dakika 5. Wa toleo la 11 ulisema dakika 15. Kijana akishasoma hapo basi, anakuja mbio, bosi dakika tano tu. Sikatai, kwa mfumo mtupu ambao haujaandikwa kitu ni kweli kabisa, ila nani anaendesha saccos kwa mfumo mtupu?

Nitoe mfano mmoja na naomba msomaji asiyekuwa fundi anivumilie, maana huu ndio unaogusa mfuko wake. Laravel inahesabu tarehe kwa pakeji, kipande cha programu kilichoandikwa tayari na wengine, inaitwa Carbon. Kwenye Carbon 2 ukiuliza kuanzia sasa hadi tarehe ya rejesho ni siku ngapi, ilikuwa inakupa namba nzima isiyo hasi, hata kama tarehe imeshapita, 12 ni 12. Carbon 3 wamebadilisha, inarudisha desimali, na kama tarehe imepita inarudisha hasi, kwa hiyo ile 12 yako inakuwa -12.4 kutegemea ni saa ngapi. Laravel 11 ilikuachia uchague kubaki na Carbon 2, Laravel 12 ikafunga huo mlango. Haya, chukua mfumo wa mikopo wenye mstari unaosema siku za kuchelewa zikizidi 0 mtoze faini. -12.4 haizidi 0. Faini hakuna! Na mfumo hauanguki, hakuna maandishi mekundu popote, kurasa zinafunguka, risiti zinatoka, mweka hazina anakunywa chai, huku kila aliyechelewa rejesho anapeta tu mpaka mwisho wa mwezi vitabu vikigoma kulingana ndio watu wanaanza kutazamana. Au fundi aliandika hesabu kwa kuanzia upande wa pili, tarehe ya rejesho hadi sasa, namba ikabaki chanya lakini na desimali zake, mama anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba faini yake ni sh 1,000 kwa siku na badala ya sh 12,000 anadaiwa 12,400, aende ofisini aulize hiyo mia nne ya nini, na hakuna wa kumjibu kwa sababu hakuna aliyeigusa.

Watengenezaji hawakuficha, limeandikwa kwenye mwongozo. Ila kwenye mwongozo wa toleo la 12 limewekwa fungu la mabadiliko yenye athari ndogo! Na kwao ni dogo kweli, wao hawajui kama wewe unatoza faini kwa siku. Hapo ndipo ninaposema hakuna mtu yeyote huko nje anayeweza kukwambia toleo liko tayari kwako, hata awe ndiye aliyelitengeneza.

Kwa hiyo kipimo changu mimi ni hiki. Chukua nakala ya databesi ya mwezi uliopita, iweke kwenye seva ya majaribio yenye toleo jipya, rudia kufunga ule mwezi, salio, riba, faini, gawio, kila ripoti ambayo mhasibu huwa anasaini, halafu linganisha na zile zilizosainiwa. Shilingi kwa shilingi. Zikitofautiana hata kwa mia moja toleo haliko tayari mpaka mtu aeleze hiyo mia imetoka wapi. Na hii kazi asiifanye fundi peke yake, mhasibu akae naye, fundi akiona kurasa zinafunguka anaona kazi imeisha, wakati mhasibu akitupia jicho jumla ya ukurasa wa pili tu anajua kuna kitu hakijakaa sawa. Ila jamani kabla ya kuwasha hiyo nakala zima kwanza kutuma meseji na badilisha namba za simu za wanachama, la sivyo mfumo wa majaribio utawatumia watu meseji usiku kwamba mkopo wao umeidhinishwa, na hapo asubuhi foleni utaiona. Mbali na hivyo taarifa za watu zina sheria yake sasa, ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, siyo za kumwaga kwenye kila laptopu.

Kingine ni pakeji za pembeni. Fremuweki inaweza kuwa tayari kabisa halafu ile pakeji ya kutengeneza PDF za risiti, au ya kupokea majibu ya malipo ya simu, iliandikwa na mtu mmoja ambaye siku hizi ana kazi nyingine. Hili huhitaji kubahatisha, kuna zana ya kusimamia pakeji za PHP inaitwa Composer, unaandika composer why-not laravel/framework 12.0 unabonyeza enter, inakutajia moja moja nani anakataa na anakataa kwa nini. Ukikuta pakeji ya malipo imo kwenye orodha hiyo basi mazungumzo yameisha kwa leo. Waliotumia Vue, fremuweki ya kujengea kurasa za wavuti, wanalijua vizuri hili, Vue 3 ilitoka Septemba 2020 na ilikuwa nzuri tu, lakini waliojenga kurasa zao kwa Vuetify, pakeji ya vitufe na fomu za Vue, walikaa mpaka Novemba 2022 ndio Vuetify 3 ikatoka rasmi. Miaka miwili mifupa iko tayari, nguo haijashonwa. Na hostingi, ile seva mnayokodi, nayo uiangalie, Laravel 12 inataka PHP 8.2 kwenda juu, kuna watu wanagundua hilo wakiwa wameshazima mfumo.

Majina ya beta, yaani toleo la majaribio, na RC, yaani toleo linalokaribia kuwa kamili, hayanibabaishi sana. Angular 2, fremuweki nyingine ya kurasa za wavuti, ilifika RC5 Agosti 2016, hatua ambayo wengi tunategemea ni kufuta vumbi tu, wakaleta utaratibu mpya kabisa wa kupanga moduli, na toleo kamili likatoka Septemba. Mimi toleo la .0, lile la kwanza kabisa la namba mpya, sikimbilii kwa mfumo wenye pesa za watu, nasubiri marekebisho madogo yatoke kadhaa nisome yanarekebisha nini. Kama bado wanarekebisha mambo ya databesi nakaa. Kama ni makosa ya tahajia kwenye maelezo, naanza kujipanga.

Sasa bosi naye asishangilie mapema. Ile ya mfumo si unafanya kazi ndiyo iliyowaponza Equifax kule Marekani, hawa wanatunza rekodi za mikopo za watu, tundu la usalama kwenye fremuweki ya Apache Struts lilitangazwa Machi 2017 na kiraka cha kuliziba kikatolewa, wao kwenye mfumo mmoja hawakukiweka, katikati ya Mei wezi wakaanza kuchota, na Septemba ndio watu wakaambiwa, taarifa za watu kama milioni 147. Mfumo ulikuwa unafanya kazi vizuri tu muda wote huo. Kwa upande wetu huku, Laravel 10 ilitoka Februari 2023 na marekebisho yake ya usalama yakaisha Februari 2025, miaka miwili basi, na mifumo ya toleo hilo na hata ya 8 bado ninaikuta inapokea ada za wanafunzi, na hakuna anayejua kwamba tundu likigunduliwa kesho hakuna kiraka kitakachokuja.

Kuna wanaosema dawa ni kukaa nyuma ya wenzako mwaka mzima, makosa yote yatakuwa yameonekana. Sikubali sana. React 19, hiyo nayo ni zana ya kujengea kurasa za wavuti, ilitoka Desemba 2024, ikaja kutangazwa tundu kwenye vile vipande vyake vinavyoendeshwa upande wa seva Desemba 2025, likapewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari, na Next.js 15 na 16, fremuweki iliyojengwa juu ya React, zikawamo. Waliobaki React 18 halikuwagusa, ni kweli, lakini mwenye kutumia vipande hivyo aliyesubiri karibu mwaka mzima kwa uangalifu akapanda Novemba alipigwa sawasawa na aliyepanda siku ya kwanza. Kiraka kilitoka siku ile ile ya tangazo na mashambulizi yakaanza ndani ya siku chache, aliyenusurika ni mwenye seva ya majaribio tayari na mtu wa kuweka kiraka usiku ule ule. Kama ofisi yako haina huyo mtu basi mimi nadhani hamjawa tayari kwa toleo lolote, jipya wala la zamani.

Na kurudi toleo la zamani kama jipya likileta shida muwaze. Msimbo, yaani maandishi ya programu, unaurudisha kwa dakika moja, databesi hairudi hivyo. Laravel 11 kwa mfano ukibadilisha safu ya jedwali bila kurudia kuandika sifa zake za zamani, kwamba isiwe hasi, kwamba ianze na 0, inazitupa, wakati matoleo ya nyuma yalizitunza. Wanachama wakishaanza kuingiza marejesho baada ya hapo huwezi tu kurudisha bakapu ya jana, utafuta malipo ya leo. Ndio maana mabadiliko haya hayawekwi mwisho wa mwezi makato ya mishahara yakiingia, hayawekwi shule zikifunguliwa Januari, na Ijumaa jioni ndio kabisaaa. Na bakapu ambayo hamjawahi kujaribu kuirudisha msiihesabu.

Ninachoomba viongozi wa saccos na shule, mnaposaini mkataba wa mfumo muandikishe humo ni fremuweki gani na toleo lipi, marekebisho yake ya usalama yanaisha mwezi gani, na nani atalipia kupandisha likiisha, maana hapa ndipo pana ugomvi wa kweli, mteja anaona kaishanunua, fundi anaona ni kazi mpya, mfumo unabaki pale pale mpaka uvamiwe. Mimi huwa naweka ada ya mwaka na ndani yake kuna kupanda toleo moja na ule mlinganisho wa hesabu nilioutaja, wateja wengine wananikimbia wakiona hiyo ada. Ningependa mafundi wenzangu wa Arusha, Dodoma, hata Mombasa waandike hapa wao wanatozaje, na wanamwelezaje mteja akakubali.

Msomaji wako,
Fundi wa mifumo, Mwanza